Kichaa, Mbuzi na Wageni Wakali: Pilipili Ipi Ipandwe Uani?

Nyuma ya majiko ya Awindiri, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, aghalabu huonekana mche wa pilipili ambao hakuna mtu wa nyumba hiyo anayekumbuka kuupanda. Aliyeupanda ni ndege. Shore na wenzake huila pilipili nyekundu bila kuhisi ukali wowote, kisha huziacha mbegu popote wanapotua. Kwa miaka mingi mche huo wa bure uliitosha nyumba nzima. Mama alituma mtoto akachume tatu au nne, akazisaga pamoja na chumvi, na chakula kikawa tayari.

Siku hizi mambo yamebadilika. Vijana huona katika simu zao mashindano ya watu wanaotokwa jasho na machozi kwa kutafuna pilipili za ajabu zenye majina ya kutisha. Mbegu zake huuzwa katika vipaketi vyenye picha ya tunda jekundu lenye mikunjo na mkia kama wa nge. Baba wa askari kambini husikia kwamba pilipili hizo ni mali, na mama nyumbani hujiuliza kama aung'oe mche wa zamani ili apate nafasi. Uwanja wenyewe ni mdogo, pengine hatua kumi kwa kumi, na mboga zinauhitaji pia. Basi yafaa swali hili lijibiwe kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili ambayo watu huyachanganya: ni pilipili ipi inayochoma zaidi, na ni ipi inayokifanya chakula kiwe kitamu zaidi. Majibu yake hayafanani.

MAJINA YANAYOPOTOSHA

Kabla ya kulinganisha, ni lazima majina yaeleweke, maana mteja anayetoka Dar es Salaam na muuzaji wa Arua wanaweza kutaja neno moja huku kila mmoja akiwaza tunda lake. Kamusi za zamani za Kiswahili ziliandika pilipili hoho kwa maana ya pilipili nyekundu ikaliayo, ili kuitenga na pilipili manga, ambayo ni punje nyeusi za mmea utambaao wa Bara Hindi. Leo Tanzania, mtu akisema hoho humaanisha lile tunda kubwa lisilo na ukali hata kidogo. Pilipili ndogo nyembamba zinazosimama wima juu ya mche huitwa pilipili kichaa. Waganda huziita kamulali. Zile za mviringo zenye mikunjo, za manjano au nyekundu, zenye harufu kali inayojaza chumba, huitwa pilipili mbuzi. Wasudani, ambao wengi wanaishi West Nile kama jirani au kama wakimbizi, hutumia neno shata kwa pilipili kali. Ukivuka mpaka wa Vurra kuingia Kongo, neno pilipili peke yake latosha.

Zote hizi, isipokuwa pilipili manga, ni jamaa moja iliyotoka Amerika na kuletwa Afrika na mabaharia wa Kireno katika karne ya 16. Zilishika mizizi upesi hata watu wakadhani ni za asili. Wataalamu huzigawa katika makundi matano yaliyofugwa na wanadamu, lakini kwa mpishi wa Awindiri yanayohusika ni matatu. Kundi la kwanza ndilo la hoho na pilipili ndefu za kawaida, la pili ni la kichaa, na la tatu ni la mbuzi. Zile pilipili za kigeni zenye sifa ya kuua karibu zote zimo katika kundi la mbuzi. Ni shangazi zake, kwa kusema hivyo, ingawa shangazi hawa wana hasira zaidi.

NAMNA KILA MOJA INAVYOCHOMA

Kichaa huchoma upesi. Anayeiuma huhisi moto mbele ya ulimi na midomoni mara moja, ukapanda, kisha ukaanza kupungua baada ya dakika chache. Ladha yake ni kavu na nyepesi, ina uchachu kidogo, na ikikaushwa huwa na harufu inayokaribia moshi. Haina utamu wa tunda. Ndiyo maana yafaa sana katika vyakula ambavyo tayari vina ladha nzito ya kwao: maharage, nyama ya kukausha, samaki angara wa Ziwa Albert ambaye chumvi yake na harufu yake havihitaji msaidizi bali huhitaji mshtuko.

Mbuzi huja polepole. Kwanza pua hupata harufu ya tunda lililoiva na maua, hata kabla ulimi haujajua lolote. Kisha moto huanza nyuma ya mdomo, hushuka kooni, na hukaa. Tofauti hii haitokani na mawazo ya mlaji. Ukali wa pilipili hutoka katika familia ya dawa zinazofanana, mbili kubwa zikiwa kapsaisini na ndugu yake dihidrokapsaisini, na pilipili mbalimbali huzichanganya kwa vipimo tofauti. Nyingine miongoni mwa dawa hizo huhisiwa mbele ya mdomo na kuondoka, nyingine hukaa kooni.

Wageni wakali huanza kama mbuzi na kuendelea mahali mbuzi alipoishia. Bhut jolokia ilitoka Assam na majimbo jirani ya kaskazini mashariki mwa India, na mwaka 2007 ilitangazwa kuwa pilipili kali kuliko zote duniani, ya kwanza kuvuka vipimo milioni moja. Mwaka 2013 nafasi hiyo ilichukuliwa na Carolina Reaper, iliyozalishwa na Ed Currie wa South Carolina, Marekani. Kipimo chake cha mwaka 2017 kilikuwa wastani wa 1,641,183. Oktoba 2023 mkulima huyohuyo alijishinda mwenyewe kwa pilipili aliyoiita Pepper X, yenye wastani wa 2,693,000. Kwa kulinganisha, kichaa ya Afrika huwa kati ya 50,000 na 175,000, na mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Hoho ni sifuri.

Hesabu hizo zilianzia kwa mtaalamu wa dawa wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912. Yeye alichukua pilipili kavu, akatoa dawa yake kwa pombe, akaizimua kwa maji ya sukari, na kuwapa waonjaji watano. Aliendelea kuzimua mpaka watatu kati yao wasihisi kitu. Pilipili yenye kipimo cha 100,000 ni ile ambayo sehemu yake moja yahitaji kuzimuliwa mara laki moja ndipo ukali upotee. Siku hizi mashine hupima dawa yenyewe, lakini jina la Scoville limebaki.

Ikumbukwe pia kwamba ukali si ladha kwa maana halisi. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko California, waligundua kipokezi katika mishipa ya fahamu kinachoamshwa na kapsaisini. Ni kilekile kinachouarifu ubongo kwamba mwili umeguswa na joto la kuunguza. Kwa kazi hiyo alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa hiyo anayelia kwamba pilipili inamuunguza hasemi uongo, ingawa hakuna kilichoungua. Kipokezi cha ndege hakiitambui kapsaisini, na ndiyo sababu shore hula bila wasiwasi na kuku wa Awindiri huweza kulishwa unga wa pilipili nyekundu, ambao huongeza rangi ya kiini cha yai.

HESABU YA HARUFU NA MOTO

Hapa ndipo penye kiini cha shauri lote. Chukulia sufuria ya mboga ya osubi iliyopikwa kwa karanga, inayotosha watu sita. Mama anajua kwa mazoea kwamba mbuzi mmoja atoshaye kidole gumba huipa sufuria hiyo moto unaostahimilika na harufu nzuri. Mume wake amerudi likizo na Reaper mbili alizopewa na rafiki. Ikiwa Reaper ni kali mara nane kuliko mbuzi, basi sufuria hiyo yahitaji sehemu ya nane tu ya tunda. Moto utakuwa uleule. Lakini harufu je? Harufu ya tunda la Reaper haizidi ya mbuzi mara nane; ni ya kiasi kimoja tu na yake, au kidogo zaidi. Kwa hiyo sehemu ya nane ya tunda huleta karibu sehemu ya nane ya harufu. Mlaji ataungua sawasawa na zamani, ila mboga itakuwa imepoa ladha.

Basi kadiri pilipili inavyozidi ukali, ndivyo chakula kinavyopata harufu kidogo kwa moto uleule. Jambo hili halionekani katika picha za simu, kwa kuwa huko hakuna anayepika. Watu hutafuna tu.

Kinyume chake kinawezekana pia. Ukali wa mbuzi haumo katika mbegu, kama watu wengi wanavyoamini. Umo katika ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu; mbegu huchoma kwa sababu zimepakwa tu. Mpishi akiipasua mbuzi na kuukwangua utando wote kwa kijiko, hubakiwa na nyama ya tunda yenye harufu karibu yote na sehemu ndogo ya moto. Hapo aweza kutia matunda mawili au matatu badala ya moja. Wapishi wa pwani wana njia nyingine rahisi: huielea mbuzi nzima, isiyotobolewa, juu ya mchuzi unaochemka, na kuitoa kabla haijapasuka. Harufu hupita, moto hubaki ndani. Ole wake mpishi anayekoroga kwa nguvu.

Ujanja wa kukwangua hausaidii sana kwa wageni wakali. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha New Mexico State walionyesha mwaka 2015 kwamba pilipili hizo zina vifuko vya kapsaisini si kwenye utando tu bali hata kwenye ukuta wa ndani wa tunda. Hakuna sehemu iliyo salama ya kuachwa. Ukiondoa utando, bado umebaki na ukuta wenye moto.

Kwa chakula cha kila siku, kwa hiyo, mche mmoja wa mbuzi na mmoja wa kichaa huishinda bustani nzima ya wageni. Mbuzi ni wa mboga za majani, samaki wabichi, wali na mchuzi wa karanga au ufuta. Kichaa ni wa posho na maharage ya kambini, chakula ambacho askari hukijua kuliko kingine chochote na ambacho, baada ya wiki ya tatu, chahitaji kuamshwa. Kichupa kidogo cha kichaa kavu iliyosagwa na chumvi hakichukui nafasi katika begi la askari anayehamishwa kutoka Arua kwenda Koboko au mbali zaidi.

JARIBIO LA VIKOMBE

Hata hivyo, si haki kuzihukumu pilipili kwa vitabu. Mche wa kichaa wa uani Awindiri si lazima ulingane na ule wa Koboko, na hata matunda ya mche mmoja hutofautiana. Yaliyokomaa wakati wa kiangazi, mche ulipokuwa na kiu, mara nyingi huwa makali kuliko yale ya Agosti wakati mvua imekazana. Familia inayotaka kujua yaweza kufanya jaribio la Scoville kwa vyombo vya jikoni.

Pilipili zote zinazolinganishwa zikaushwe mpaka zivunjike kwa mkono, kisha zisagwe laini, kila aina peke yake, na kinu kioshwe kwa sabuni baina ya aina moja na nyingine. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa pilipili, kilichosawazishwa kwa kisu, kichanganywe vizuri na vijiko kumi na tisa vya unga mkavu wa muhogo. Kisha kijiko kimoja tu cha mchanganyiko huo kikorogwe katika nusu lita ya uji mwepesi uliopoa, usio na maziwa. Hicho ndicho chombo cha kwanza. Vikombe vingine tisa vipangwe mezani, kila kimoja na nusu kikombe cha uji mtupu. Nusu kikombe kutoka chombo cha kwanza kimiminwe katika cha pili na kukorogwa, nusu kikombe kutoka cha pili kiende cha tatu, na hivyo hivyo mpaka cha kumi. Kila hatua hupunguza ukali nusu.

Waonjaji wawe watano, watu wazima, na waanzie kikombe cha kumi kilicho hafifu kabisa wakipanda kuelekea cha kwanza. Anayeanzia kwenye moto ataupoteza ulimi wake na majibu yake hayatakuwa na maana. Kikombe ambacho watatu kati yao wanasema hapa ninahisi, ndicho alama ya pilipili hiyo. Ikiwa kichaa imehisiwa kuanzia kikombe cha tano na pilipili ya mgeni kuanzia cha tisa, tofauti ni hatua nne, yaani mara mbili, mara nne, mara nane, mara kumi na sita. Aina moja yatosha kwa siku moja. Ulimi uliokwisha kuchomwa hauwezi kuwa shahidi tena jioni hiyo.

Ladha hupimwa kando, na hapa uji haufai. Kila pilipili mbichi isagwe na chumvi kidogo na mafuta, kisha tone lipakwe juu ya tonge la enyasa. Mwonjaji avute pumzi kwa pua kabla ya kutafuna, aseme alichonusa, ndipo ale. Kina mama wazee mara nyingi huwashinda vijana katika jaribio hili, kwa kuwa kijana husubiri moto na mzee husubiri chakula.

MBEGU ZA ULAGHAI NA MBEGU ZA KUCHANGANYIKA

Tahadhari ya pekee yahitajika kwa anayetaka kununua mbegu za wageni wakali. Pepper X ilipotangazwa mwaka 2023, mwenyewe Currie alisema wazi kwamba hatatoa mbegu wala matunda yake kwa umma. Kwa hiyo mtu anayeuza kipaketi chenye jina hilo sokoni au kwa simu anapaswa kuulizwa maswali magumu. Mbegu za pilipili zote hufanana machoni: bapa, ndogo, rangi ya maziwa. Mnunuzi hujua amedanganywa baada ya miezi mitano, wakati mche umezaa hoho. Isitoshe, mbegu za kutoka nchi za nje huhitaji kibali cha wizara ya kilimo na hati ya afya ya mimea, kwa sababu magonjwa ya virusi husafiri nazo. Mfuko wa mbegu uliofichwa katika sanduku la safari waweza kuharibu bustani za mtaa mzima.

Udanganyifu mwingine hufanywa na nyuki, bila kukusudia. Maua ya pilipili hujichavusha yenyewe mara nyingi, lakini nyuki hubeba chavua kutoka mche hadi mche, na kundi la kichaa na kundi la mbuzi huweza kuchanganyika. Watu husema kwamba hoho ikipandwa kando ya kichaa hugeuka kali. Hilo si kweli kwa tunda lililopo mtini, kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama yake. Mbegu za ndani ndizo zilizochanganyika, na zikipandwa msimu ujao ndipo mama mwenye nyumba atapata kioja katika kachumbari.

Anayetaka kuhifadhi mbegu safi achague tawi moja lenye vichipukizi vya maua ambavyo havijafunguka, alifunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa na kulifunga kwa uzi, na kulitikisa kidogo kila asubuhi ili maua yajichavushe. Vitunda vikishatokea, chandarua kitolewe na tawi litiwe alama ya utepe. Matunda hayo yaachwe yaive kabisa, hata yaanze kunywea.

KUPANDA NA KUCHUMA

Kuhusu kilimo chenyewe pasiwe na maneno mengi, maana wengi wanakijua. Mbegu zioteshwe kitaluni Februari au Machi ili miche iwe tayari mvua za Aprili zikishika. Za kichaa na mbuzi huota baada ya wiki mbili au tatu. Za wageni wakali zaweza kuchukua mwezi mzima, na wengi huzitupa kwa kukosa subira. Miche ihamishwe ikiwa na majani sita au nane. Kichaa huishi miaka miwili au mitatu ikikatwa matawi baada ya mavuno, na hii ni faida kubwa kwa familia ya askari isiyojua itakuwa wapi mwaka kesho: anayeingia nyumba ile baada yao hukuta mche. Mbuzi hupenda kivuli kidogo cha mchana na hukasirika maji yakituama mizizini.

Kwa atakaye kuuza, kichaa kavu ndiyo iliyo na historia ya biashara katika kaskazini mwa Uganda, kwa kuwa haiozi na yaweza kungoja mnunuzi. Ikaushwe juu ya turubai au kichanja, kamwe si ardhini, maana mchanga na ukungu huishusha bei au kuifanya ikataliwe. Mbuzi mbichi husafirishwa pia hadi Ulaya, lakini huko kuna ukaguzi mkali wa nondo anayetoboa matunda. Tangu Januari 2018 Umoja wa Ulaya umetaka uthibitisho maalumu juu ya mdudu huyo. Familia yenye miche sita isijidanganye kwamba itaufikia mnada huo peke yake. Masoko ya Arua, Koboko na Ariwara ng'ambo ya mpaka yako karibu zaidi.

MOTO USIO WA MCHEZO

Yamebaki mambo ya usalama, ambayo katika nyumba zenye watoto hayana budi kusemwa kwa ukali unaolingana na pilipili zenyewe.

Dawa iliyomo katika kopo la kupulizia linalobebwa na polisi ni kapsaisini ileile. Askari aliyepitia mafunzo ya kopo hilo hahitaji kuelezwa lifanyavyo machoni na kifuani. Kukaanga au kuunguza pilipili za wageni wakali ndani ya jiko lisilo na dirisha ni kuipulizia familia yako dawa hiyo, na mwenye pumu aweza kuzidiwa. Zisagwe nje, upepo ukiwa mgongoni, mikono ikiwa ndani ya glavu au hata mifuko ya plastiki. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta. Kwa hiyo mikono iliyochafuka ipakwe kwanza mafuta ya kupikia, yafutwe kwa kitambaa, ndipo ioshwe kwa sabuni. Mama anyonyeshaye asiiguse kabisa pilipili ya namna hiyo. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, na maumivu yakiendelea mgonjwa apelekwe hospitali. Mdomoni, maji hayasaidii. Maziwa husaidia kwa sababu protini yake huishika kapsaisini na kuiondoa, na asiye na maziwa atafune tonge au kijiko cha karanga iliyosagwa.

Mashindano ya kutafuna ni jambo jingine. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 34 aliyekula Carolina Reaper katika shindano, akapatwa na maumivu ya kichwa ya ghafla yaliyotokana na kusinyaa kwa mishipa ya damu ya ubongo. Alipona. Septemba 2023, huko Massachusetts, kijana wa miaka 14 alifariki baada ya kula kipande kimoja cha krispi kilichopakwa unga wa pilipili kali za aina hiyo. Uchunguzi ulitaja kapsaisini nyingi aliyoila pamoja na kasoro ya moyo ambayo alikuwa nayo. Mzazi hajui moyo wa mtoto wake ulivyo ndani. Katika kambi na mitaa ambako vijana huambiana, "Ndugu, kula kama wewe ni mwanamume," ni wajibu wa watu wazima kuizuia dhihaka hiyo mapema. Si busara kuacha mche wa Reaper uani bila uzio wakati watoto wa jirani hupita wakitafuta mapera.

Wapo pia wazazi wanaompaka mtoto mtukutu pilipili mdomoni au machoni ili ajifunze. Adhabu hiyo huumiza sawasawa na kuunguza, yaweza kudhuru jicho, na mtu mzima anayemfanyia hivyo mtoto wake au mahabusu wake hana tofauti na mtesaji. Uganda ina sheria ya kuzuia mateso tangu mwaka 2012, nayo inamhusu mwenye sare na asiye na sare.

Kwa upande mwingine, pilipili imesingiziwa mengi. Vidonda vya tumbo havisababishwi nayo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria ndio chanzo kikubwa. Mwenye kidonda tayari ataumia akila pilipili, hivyo apumzike nayo mpaka apone, lakini nduguye mwenye tumbo zima hana sababu ya kuiogopa kichaa moja katika maharage.

Mwishoni mwa Novemba, mvua zikianza kupungua, matunda ya tawi lililotiwa utepe huwa yamenywea. Yapasuliwe, mbegu zitandazwe kivulini juu ya karatasi kwa siku kumi, kisha zitiwe katika chupa kavu pamoja na majivu makavu yaliyochekechwa, na kifuniko kikazwe. Zikikaa mahali pa ubaridi na pakavu huota vizuri hata baada ya miaka miwili. Juu ya chupa yaandikwe jina la pilipili, nyumba ilikotoka, mwaka, na namba ya kikombe ambamo ukali wake ulihisiwa.